Adapta na seti ya miguu 32 kwenye Butterfly nyeusi: sindano inakwaruza mguu wa zipu

mshonaji_moro

Habari zenu mafundi. Nashona nyumbani hapa Morogoro, zaidi magauni ya kitenge, madera na sare za kwaya. Cherehani yangu ni Butterfly nyeusi, ile ya mshono mnyoofu tu, haina zigizaga (mshono wa sindano kuhama kushoto na kulia). Nimeifungia mota pembeni, lakini kanyagio la miguu bado lipo kwa siku ambazo umeme umekatika.

Nimeletewa kutoka Kariakoo seti ya miguu 32, yaani vile vyuma vinavyokandamiza kitambaa chini ya sindano, ndani ya kiboksi chenye vyumba vyumba, pamoja na adapta moja. Adapta unaifunga kwa skrubu pale unapokaa mguu wa kawaida, halafu kila mguu unaubana chini yake, na ukitaka kuutoa unabonyeza kitufe cha nyuma. Kwenye kiboksi hakuna maelezo kwamba ni ya cherehani gani, kuna picha tu. Adapta imeingia na skrubu ya asili imeikaza. Mguu wa kawaida wa seti unashona, ila kitambaa chepesi kinakwenda kwa kusuasua na kinavutwa kushoto.

Shida kubwa ni miguu ya zipu. Nikiubana ule wa kawaida upande wa kulia na kuzungusha gurudumu kwa mkono, naisikia sindano inakwaruza chuma. Nikiubana upande wa kushoto sindano inapita, lakini mshono unakuwa mbali na meno ya zipu, karibu nusu sentimita. Na ule wa zipu ya kujificha, ambao ndio hasa niliutaka kwa sababu wateja wangu wa magauni ya sendofu hawataki kuona zipu mgongoni, sindano inashukia pembeni ya tundu kabisa.

Naomba kujua: hii seti haifai kabisa kwa Butterfly, au kuna namna ya kuirekebisha? Na je, kati ya hiyo miguu 32 ipi nitaitumia kwa cherehani isiyo na zigizaga? Kila duka ninalouliza naambiwa tu "inaingia, inaingia".

sare_za_shule

Dada, rudisha seti, nunua mguu mmoja mmoja wa kufunga kwa skrubu. Mimi nina Butterfly tatu kwenye kibanda na hakuna hata moja yenye adapta. Kazi ya sare ni kukimbia, sitaki kitu kinachoweza kuachia katikati ya mshono.

fundi_mashine_kkoo

Pole dada wa Moro, na umefanya vyema kuzungusha kwa mkono kabla ya kukanyaga. Sindano ikigonga chuma kwa kasi ya mota haiishii kuvunjika yenyewe. Inaacha mchubuko kwenye tundu la bamba, kile chuma bapa kilicho chini ya mguu, mchubuko huo unakata uzi kila siku, na bahati ikiwa mbaya inaumiza ncha ya ile ndoano ya chini inayokamata uzi. Hapo ndipo cherehani inaanza kuruka mishono na mtu anabadilisha sindano bila mafanikio.

Natengeneza cherehani na suala la adapta linaletwa kwangu mara kwa mara, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Kwanza kimo. Butterfly nyeusi imefuata umbo la Singer 15, umbo ambalo viwanda vya Japani vililinakili kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na China ikaendelea nalo. Zote za ukoo huo zina shingo fupi, yaani pale mguu unapofungwa. Chukua mguu uliokuja na cherehani, ushushe juu ya bamba, pima kwa rula kutoka kwenye bamba hadi skrubu inayoshika mguu. Ukipata robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 hivi au pungufu kidogo, hiyo ni shingo fupi. Ukipata inchi moja na robo, milimita 32 hivi, hiyo ni shingo ndefu, ndiyo ya cherehani za kiwandani. Kuna na zile Singer za miaka ya 1950 kama 401, ambazo sindano na shingo vimelala kuelekea kwa mshonaji. Hizo zina miguu yake na hazichanganyiki na nyingine. Kwenye pakiti utasikia wauzaji wakisoma "lo shenki", "hai shenki" na "slanti". Ndizo hizo tatu.

Mguu wa shingo ndefu ukiufunga kwenye shingo fupi, unagota kwenye bamba hata kabla hujaushusha. Wa shingo fupi kwenye shingo ndefu unaning'inia hewani, haukandamizi nguo. Wewe mguu wa kawaida wa seti umegusa bamba na umeshona, basi kimo chako ni sahihi. Seti yako ni ya shingo fupi.

Sasa hapo ndipo muuzaji anapoishia: "inaingia". Adapta inamaliza suala la kimo na skrubu, basi. Haimalizi suala la tundu la sindano, na haimalizi suala la meno yanayovuta kitambaa. Haya mawili ndiyo yanayokusumbua.

Miguu ya seti hizi imetengenezwa kwa cherehani za zigizaga, ambazo sindano yake inahama. Mwenye Brother au Janome akiona sindano inakaribia chuma cha mguu wa zipu, anaisogeza kidogo kwa kitufe na maisha yanaendelea. Sindano ya Butterfly nyeusi inashuka palepale miaka yote. Adapta ikikaa upande hata kwa nusu milimita, huna mahali pa kuifidia.

Kuhusu meno, fanya hivi: weka mezani mguu wako wa zamani na ule wa kawaida wa seti, vyote vimelala kifudifudi, utazame nyayo zake. Wa zamani una vidole viwili vyembamba vilivyokaribiana, na ufa wa katikati ni wa kupita sindano tu. Wa seti ufa wake ni mpana, maana umeachiwa nafasi ya zigizaga ya milimita 7. Meno ya Butterfly yamekaribiana kufuata ule mguu wa zamani. Ukifunga mguu mpana, sehemu ya meno inabaki chini ya ufa, inasukuma kitambaa ambacho juu yake hakuna kinachokikandamiza. Kitenge kizito kinavumilia. Shifoni, satini na bitana nyepesi vinakwenda upande, kama ulivyoeleza. Kwa hiyo mshono wa kawaida rudisha mguu wa zamani, usiupe hata nafasi ule wa seti.

Kabla hujarudisha kiboksi dukani, tuhakikishe kosa liko wapi. Funga mguu wa zamani bila adapta, zungusha gurudumu taratibu, utazame sindano inashuka wapi. Ikishuka katikati ya ufa, cherehani yako haina neno, na mwenye kosa ni adapta. Ikishuka karibu na kidole kimoja hata kwa mguu wa zamani, basi ile fimbo inayoshika mguu imezunguka, jambo la kawaida kwa cherehani iliyofanya kazi miaka mingi. Ikiwa ni hivyo niambie, nitakueleza namna ya kuirudisha.

Halafu bana mguu wa zipu kwenye adapta, ushike kwa vidole na uutikise kushoto na kulia. Kile kijiti cha chuma kilicho juu ya mguu kinatakiwa kijae kwenye mfereji wa adapta. Mguu ukicheza, ujue kijiti na mfereji havikutengenezwa kwa kipimo kimoja, na hapo hakuna bisibisi itakayokusaidia.

mshonaji_moro

Asante sana kaka, sijawahi kuelezwa hivi. Nimepima, kutoka bamba hadi skrubu ni milimita 18. Mguu wa zamani sindano inashuka katikati kabisa, nimetazama na tochi ya simu. Mguu wa zipu kwenye adapta unacheza, nimeutikisa mpaka nasikia unagonga ukingo wa mfereji. Ule wa zipu ya kujificha unacheza zaidi. Wa marinda na wa kupinda pindo haichezi sana.

Nina maswali mawili mengine. Rafiki yangu ana Juki ya kiwandani na tunasaidiana msimu wa sherehe. Anauza wazo la kununua adapta ya kugeuza shingo ndefu kuwa fupi ili seti hii hii tuitumie kwake. Na pia kuna mteja wa mitandio ya shifoni, nataka kuipinda kwa ule mguu wenye kikonokono, kile chuma kilichojiviringa kinachokunja pindo. Nitafanikiwa kwa Butterfly?

fundi_mashine_kkoo

Basi tumemaliza, cherehani yako ni nzima. Usiiguse fimbo.

Jaribu jambo moja la mwisho kwa adapta hiyo. Mara nyingi tundu lake la skrubu limeachwa wazi upande mmoja, kwa hiyo inaweza kukaa juu kidogo, chini kidogo au ikainama. Legeza skrubu, isukume adapta yote mpaka iegemee fimbo bila mwanga kupita katikati, ishikilie hapo hapo, kisha kaza kwa bisibisi, siyo kwa vidole. Mtetemo wa mota unafungua skrubu iliyokazwa kwa vidole, na adapta ikishuka wakati unashona, sindano inakuta chuma. Na ikibidi ubadilishe skrubu, usilazimishe ya aina nyingine ikigoma kuingia kwa vidole mizunguko ya kwanza. Ukiharibu njia ya skrubu kwenye fimbo, gharama yake inazidi seti nzima.

Kwa zipu nina msimamo na siubadilishi: kwenye cherehani ya mshono mnyoofu usitumie adapta. Nunua mguu wa zipu wa shingo fupi unaofungwa moja kwa moja kwa skrubu, ule wenye kidole kimoja kinachoteleza kwenye reli na skrubu ndogo nyuma yake. Unalegeza ile skrubu ndogo, unakisogeza kidole kushoto au kulia mpaka sindano ishuke katikati ya pengo, unakaza. Yaani kile ambacho cherehani yako haiwezi, kusogeza sindano, mguu unakufanyia. Kila ukibadilisha upande wa zipu zungusha gurudumu mzunguko mmoja mzima kwa mkono.

Mguu huo huo utakushonea na zipu ya kujificha. Fungua zipu yote, ipige pasi kwa moto mdogo upande wa ndani ili meno yaliyojikunja yalale, maana ni ya nailoni na moto mkali unayayeyusha. Ilaze kwenye upande mzuri wa kitambaa, ishikize kwa mkono kwa uzi wa rangi nyingine, kisha shona huku kidole gumba cha kushoto kinayasukuma meno yasimame, ili sindano ipite kwenye shina la meno. Ukishona mbali milimita moja tu, zipu itaonekana ikifungwa. Ukishona juu ya meno, kichwa hakitapita. Ishikize kwanza, usiruke hatua hiyo.

Kuhusu Juki ya rafiki yako: adapta ya shingo ndefu kwenda fupi ipo na inafunga. Lakini Juki DDL-8700 kwa mfano imetengenezwa kufika mishono 5,500 kwa dakika, na cherehani nyingi za nyumbani zinaishia karibu 1,000. Hapo utakuwa umefunga adapta juu ya adapta, na chini yake mguu unaocheza. Sikushauri. Isitoshe hana haja nayo, kwa sababu miguu ya kiwandani inauzwa mmoja mmoja, imejaa madukani, na ina namba. Mguu wa kawaida ni P351. Mwembamba wa zipu ni P363. Wa kidole kimoja ni P36N na P36LN, wa kulia na wa kushoto. Wa zipu ya kujificha ni S518. Akienda dukani ataje namba, asitaje picha. Na asichanganye sindano: yeye anatumia DBx1 ya shina la mviringo, wewe HAx1 yenye ubavu bapa.

bi_mitandio_mvita

Mwanangu wa Morogoro, mimi niko Mombasa, mitandio na nguo za bwibwi ndiyo kazi yangu, na cherehani yangu ni nyeusi kama yako. Swali la shifoni nijibu mimi.

Mguu wa kikonokono utafanya kazi, lakini tazama tundu lake la sindano. Ikiwa ni tundu dogo la mviringo au ufa mwembamba, tumia. Ikiwa ni pana, shifoni itajikunja kisha itafunguka nyuma ya sindano kwa sababu hakuna kinachoishika. Kwa shifoni chagua kikonokono chembamba, cha milimita 2 au 3. Vile vya 6 ni vya pamba na poplini.

Kuanza ndiko kunakowashinda watu. Kata ncha ya pembe kidogo, mraba wa pembe usiingie kwenye kikonokono. Kunja pindo kwa vidole mara mbili, urefu wa kidole kimoja, shona mishono michache bila kuingiza kwenye kikonokono, acha nyuzi mbili ndefu nyuma. Zivute hizo nyuzi kwa mkono wa kushoto, nyanyua mguu kidogo, ingiza ukingo kwenye kikonokono, shusha mguu. Kuanzia hapo mkono wa kushoto unavuta nyuzi polepole nyuma kwa inchi ya kwanza, na mkono wa kulia unaushika ukingo mbele umesimama wima kidogo, umeelekea kushoto. Ukiushusha mkono wa kulia kitambaa kinaingia kidogo na ukingo mbichi unaonekana. Ukiusukuma sana kushoto kinaingia kingi, kinavimba. Mkono utazoea. Punguza na mkandamizo wa mguu, ile skrubu ya juu ya kichwa, izungushe kufungua mpaka shifoni iteleze bila kukunjamana. Sindano iwe namba 11.

Halafu kuna jambo ambalo vijana hawalijui. Zamani Singer ziliuzwa na kisanduku cha vifaa: kikonokono cha kupinda, cha kupinda pana kinachopimika, cha kufungia ukingo kwa utepe, na kile kikubwa cha marinda chenye uma unaokaa kwenye skrubu ya sindano. Vya Singer 15 vinafunga kwenye Butterfly nyeusi bila adapta yoyote, shingo ni ile ile. Chuma kizito, tundu la sindano liko mahali pake. Mimi ninacho cha marehemu mama yangu, na kile cha marinda kina alama 1, 6 na 12: kinafanya rinda moja kila mshono, au kila mishono sita, au kila kumi na miwili. Ukipita kwa mafundi wazee uliza, wengine wamekitupa uvunguni hawakitumii. Nunua kabla ya seti yoyote ya plastiki.

mshonaji_moro

Shikamoo bibi, na asante sana. Kuna fundi mzee hapa stendi ya zamani, nitakwenda kumuuliza kesho.

bi_mitandio_mvita

Marahaba mwanangu. Akikupa kile cha marinda, kitie mafuta kwanza kwenye kila kiungo na ukizungushe kwa mkono. Kikiwa kimeganda kitavunja sindano.

mtumba_nbi

Naongezea kwa wanaonunua mashine za mitumba kutoka Ulaya. Nimechukua Bernina 830 Record hapa Nairobi, mashine safi sana, lakini haina skrubu ya mguu kabisa. Mguu unaingia kwenye koni na unabanwa na kishikizo. Adapta ya lo shenki haigusi hapo. Inabidi upate adapta ya Bernina yenyewe, na ya zile Bernina za zamani ni tofauti na ya hizi mpya. Kabla ya kulipa, funua kibanda cha vifaa uone imekuja na miguu yake mingapi.

fundi_mashine_kkoo

Kweli kabisa ndugu wa Nairobi. Na Pfaff na Husqvarna nazo zina namna zake za kubana mguu, kwa hiyo asidanganyike mtu na neno "adapta" peke yake.

Dada wa Moro, nilisahau swali lako la miguu ipi ubaki nayo. Ya ovaloki, ya matundu ya vifungo, ya kushonea vifungo, ya satini na ya pindo la kujificha weka pembeni, yote inahitaji zigizaga. Ule wa marinda mwepesi tumia, kwa mshono mrefu kuliko yote na uzi wa juu uliokazwa kidogo. Ule mweupe wa tefloni utakufaa siku ukishona ngozi ya plastiki kwa mabegi, kwa sababu haugandi. Wa robo inchi, ule wa kushona robo inchi kutoka ukingoni, uuache, tundu lake ni dogo mno kwa adapta inayocheza. Na ule mkubwa wa kutembea, wenye mkono unaokaa juu ya skrubu ya sindano, kama umo kwenye kiboksi chako huo haupiti kwenye adapta, unafungwa moja kwa moja. Ni mzuri kwa kitenge chenye mistari inayotakiwa kulingana na kwa nguo zenye pamba ndani, ila ondoa mkanda wa mota ukiutumia, ushone kwa kukanyaga.